Mkono wa Kulia wa Fundi

Chumba cha Anatomia, Meza ya Nne
14 Aprili

Kwako Mama,

Sijui jina lako, na wewe hutajua langu. Ndiyo sheria ya chumba chetu. Kila mwisho wa muhula, sisi wanafunzi wa udaktari tunaandika barua ya shukrani kwa familia ya mtu aliyetuachia mwili wake tujifunzie. Msimamizi wa chumba anazisoma barua zote, anafuta kwa wino mweusi jina lolote halisi atakaloliona, kisha anazilaza siku saba kwenye droo yake, ili aliyeandika kwa pupa apate nafasi ya kujirudi. Ndipo anazipeleka. Mimi nimeambiwa mawili tu: kwamba Mwalimu wangu, maana ndivyo tunavyowaita hapa waliotuachia miili yao, aliacha mke, na kwamba mke huyo ni wewe.

Miezi miwili hii nimekuwa nikisoma mkono wake wa kulia, hasa mbele ya kiwiko, pale mkono unapokunjwa. Utazame wako, utaona kashimo kenye pembe tatu. Manesi wote wanapakimbilia hapo, kwa sababu vena za kutolea damu ziko juujuu, chini ya ngozi tu. Chini ya vena hizo kuna utando mweupe, mwembamba, wenye nguvu kuliko unavyoonekana. Na chini ya utando vimejipanga vitu vitatu vya thamani, kutoka nje kuja ndani: kano ya msuli, ateri kubwa inayopeleka damu kwenye vidole, na neva. Msimamizi anatuambia kwamba zamani, watu walipokuwa wakitolewa damu kwa wembe, utando huo ndio uliouzuia wembe usiifikie ateri, na waganga wa enzi hizo wakaupa jina la kumshukuru Mungu. Sisi tunauita utando wa shukrani.

Hayo yote nimejifunza kwake, na mtihani nimefaulu vizuri. Asante sana. Asante kwake na kwako.

Jambo moja lilinishinda. Kwenye kidole gumba, upande wa ndani, ana sugu ngumu kama kokwa. Nimeipapasa mara nyingi nikijiuliza ni ya kazi gani.

Mimi,
Mwanafunzi wa Meza ya Nne


2 Mei

Mwanafunzi,

Barua yako imefika, na huo wino mweusi haukupata cha kufuta. Sikukusudia kujibu. Nimeambiwa familia nyingi hazijibu, nami nilikuwa nimeshaamua kuwa mmoja wao. Lakini umeuliza kuhusu ile sugu, na swali la sugu haliwezi kukaa bila jibu ndani ya nyumba hii.

Ni ya mkasi. Mume wangu alikuwa fundi wa suti kwa miaka thelathini na mmoja, na mkasi wake ulikuwa mzito kama pasi. Yeye alikata na kuunga, mimi nilishona matundu ya vifungo. Chumba kilikuwa kimoja: meza yake dirishani, kiti changu mlangoni, na binti yetu chini ya meza akiokota vifungo. Ndiyo maana tukamwita Kifungo, na hata sasa akiwa mtu mzima, mdarizi anayetafutwa na maharusi, ni Kifungo tu.

Hiyo sehemu yako ya kiwiko, mume wangu aliijua kabla yako. Kila mteja aliambiwa, "Kunja mkono, bwana." Halafu anampapasa hapo mbele kwa kidole kimoja, amefumba macho. Alikuwa akisema koti baya ni lile ambalo mkono wake haujui pa kukunjia. Na mshono ukipinda hata uzi mmoja, anaufumua, mteja awe amesimama mlangoni na teksi inamngoja. Nimegombana naye kwa hilo mpaka koo limenikauka.

Sasa nikwambie ukweli, kwa kuwa wewe hunijui. Sina shukrani za kukupa. Zile karatasi za kuutoa mwili wake kwa chuo alizisaini bila kuniambia. Nilijua siku gari la chuo chenu liliposimama mlangoni, watu wamejaa ndani, na mimi nimeshika karatasi nasoma kama mjinga. Mashemeji zangu wanaamini nimemuuza kaka yao. Hawakanyagi hapa tena. Na mimi sina kaburi la kwenda kukaa. Nikitaka kumsema, namsemea cherehani.

Ila asante kwa kuiona sugu. Hilo nimelisoma mara nyingi.

Mke wa Fundi


19 Mei

Mama,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa sababu nilishindwa kukaa. Sina haki ya kukwambia usikasirike. Ningekuwa wewe ningewafukuza wale wa gari kwa ufagio.

Nakuahidi hili: tangu nijue habari ya mkasi, tunakifunika kidole kile kwa kitambaa chenye maji kila tukimaliza kazi, kisikauke. Mwenzangu wa mezani ameniuliza kwa nini kidole tu. Nikamwambia ni kidole cha fundi. Sasa naye anakifunika akinitangulia. Na habari zako zote mbili, ya koti na ya mteja mlangoni, zimetuchekesha na kututuliza. Tulikuwa tunaujua mkono tu, sasa tunamjua mtu. Nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Naomba nikuulize kitu, ukipenda usijibu. Je, aliwahi kudungwa sindano mbele ya kiwiko cha mkono wa kulia? Au aliwahi kulalamika chochote kuhusu mahali hapo? Nauliza kwa ajili ya masomo tu.

Mwanafunzi wa Meza ya Nne


5 Juni

Mwanafunzi,

Kwa ajili ya masomo tu! Nimeishi na mwanamume aliyenificha karatasi, usidhani siwezi kunusa mtu anayezungukazunguka. Lakini umekifunika kidole, basi nitakujibu.

Hakukubali hata siku moja. Alipokuwa kijana alilazwa kwa homa, na nesi mmoja mzee akamshika mkono wa kulia, akapapasa, akamwambia, "Huu usimpe mtu yeyote. Wape wa kushoto." Hakumweleza sababu. Mume wangu akaishika kauli hiyo kama kiapo. Mimi nilimcheka, nikasema nesi alikuwa anauhurumia mkono wa mkasi. Alikuwa na mshipa hapo mbele ya kiwiko, mnene, unaonekana ukidunda chini ya ngozi. Kifungo akiwa mdogo alikuwa analala akiwa ameuwekea kidole, anahesabu mpaka usingizi unamchukua. Naye anao wa namna hiyohiyo, mkono uleule wa kulia. Walikuwa wakiiweka mikono sambamba mezani na kushindana wa nani unadunda zaidi, nami nawapigia kelele waache utoto, kuna suruali ya watu.

Sasa mshipa huo umekuwa neema kwetu. Sikukuandikia mwanzoni kwa sababu sipendi kuhurumiwa na watu nisiowajua. Kifungo aliugua. Walimtoa uvimbe mwezi wa tatu, na Jumatatu tarehe 16, saa tatu asubuhi, anaanza dawa ya dripu, dawa kali, mara moja kila wiki tatu. Mkono wa kushoto umechakaa kwa kuchomwa, vena zake zimejificha kabisa. Tulikuwa tumekata tamaa. Juzi nesi akamfunga ule mpira mkono wa kulia na kushangilia, "Dada, mshipa huu kama bomba la maji!" Akachukua damu ya vipimo palepale. Ilitoka nyekundu ya kung'aa, ikajaza yenyewe, ingawa Kifungo anasema iliuma mpaka kwenye kucha, si maumivu ya kawaida. Kwa hiyo dripu itapita hapo. Nimefurahi mpaka nimeimba jikoni, mimi ambaye sijaimba tangu gari lile.

Ona sasa, baba yake amemwachia kitu cha kumfaa. Nimeanza kumpunguzia hasira kidogo. Kidogo tu.

Mke wa Fundi


Ijumaa, 13 Juni, saa nane mchana

Mama,

Barua yako nayo ililazwa siku saba, imetoka kwenye droo leo. NAKUOMBA dripu isiwekwe mkono wa kulia wa Kifungo. Hata kama nesi atasema ni mshipa mzuri. Sababu nitaieleza, lakini ukiishia kusoma hapa, shika hilo moja: mkono wa kulia hapana, mpaka daktari autazame kwa mashine ya ultrasaundi.

Sasa sababu, na ndani yake aibu yangu.

Nilikwambia chini ya utando wa shukrani ndiko inakolala ateri. Kwa watu wengi ni hivyo. Kwa mume wako, upande wa kulia, sivyo. Ateri moja ilipanda ikapita juu ya utando, chini ya ngozi tu, mahali pa vena. Wako watu wachache wanaozaliwa hivyo. Ndiyo maana mshipa wake ulidunda. Vena hazidundi, Mama. Yule nesi mzee alijua.

Dawa ya dripu ikiingia kwenye vena inarudi moyoni, inachanganyika na damu nyingi, inafanya kazi yake. Ikiingia kwenye ateri inashuka moja kwa moja mpaka kwenye vidole ikiwa kali vilevile ilivyotoka kwenye chupa. Mtu anaweza kupoteza vidole, na hata mkono. Sina uhakika kwamba Kifungo amerithi, hata vitabu havina uhakika. Lakini unadunda, damu ilikuwa ya kung'aa, na maumivu yalifika kwenye kucha. Kwangu inatosha.

Najua haya kwa sababu niliikata. Mwezi wa pili, nikipasua, niliuona mshipa ule juujuu nikasema moyoni, ni vena hii, inanizibia njia. Nikaukata nipite. Kesho yake nikauona umesimama wazi kama mrija. Vena ikikatwa inalala, ateri inasimama. Nikajua nimefanya nini. Sikumwambia mtu. Nilifunga ncha zake kwa uzi, nikaurudisha chini ya ngozi, na kwenye daftari la mtihani nikachora mkono wa kitabu badala ya mkono uliokuwa mbele yangu. Zile alama nzuri nilizojisifia kwako ni za mkono wa kitabu. Hapa kosa hilo linafukuzisha mtu chuo, ndiyo maana nilikuuliza kwa kuzungukazunguka, na ndiyo maana nikaandika "kwa ajili ya masomo tu".

Kama ningesema mwezi wa pili, habari ingewafikia kabla sindano ya kwanza haijamgusa binti yako. Ninaandika upesi kabla ujasiri haujanitoka. Barua hii naipeleka kwa Msimamizi ikiwa wazi. Akiisha kuisoma, chuo kizima kitajua. Basi na kijue.

Nisamehe.
Mwanafunzi wa Meza ya Nne


Jumamosi, 14 Juni

Mwanafunzi,

Miaka ishirini na sita nimekuwa nikizilaza barua siku saba. Ya kwako haikulala hata dakika saba. Ulipokuwa ungali umesimama kwenye ofisi yangu ukiniuliza maswali, nilikuwa nimeshavaa kofia.

Nimeifikisha mwenyewe, mkononi, jana jioni. Sheria hainiruhusu kufika kwenye nyumba zao, kwa hiyo tukubaliane kwamba sikufika, na chai sikunywa. Mama aliisoma mbele yangu. Alipomaliza aliniuliza, "Wewe unamjua anayeandika haya? Ni mtu wa kuaminika?" Nikamjibu kwamba mpaka saa nane ya jana nisingeapa, lakini tangu saa nane na robo ninaapa.

Jumatatu saa mbili nenda kwa mhadhiri wako kabla hajakuita. Chukua daftari. Usiende na maelezo marefu.

Msimamizi wa Chumba


24 Juni

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tatu. Ya kwanza nilikutukana. Ndiyo, nilikutukana vizuri, karatasi nzima, kwa kumkata na kunyamaza miezi minne. Nikaichana. Ya pili nilikushukuru tu, ikanoga kama barua ya kuombea kazi, nikaichana pia. Hii ndiyo ya kweli, ina vyote viwili.

Jumatatu tulifika mapema. Nesi alikuwa yuleyule, na mpira wake mkononi. Nikamwambia hapana. Akacheka, "Mama, hapa ndipo pazuri." Nikamwambia hapana mara ya pili, nikausimamia mkono wa binti yangu na kutanua viwiko kama dukani siku ya punguzo la bei. Watu wakageuka. Kifungo akaninong'oneza, "Mama, unanitia aibu." Nikamwambia aibu haikati vidole. Akaitwa daktari, akaja amenuna. Nikampa barua yako. Aliisoma amesimama, akaanza upya tangu juu, halafu akakivuta kiti akakaa.

Wakaleta ile mashine, wakapaka mafuta yake ya baridi mbele ya kiwiko. Kwenye kioo ilionekana, nami nikaonyeshwa: kitu cha mviringo, kinapiga, kinapiga, juu kabisa chini ya ngozi. Daktari akasema, "Hii ni ateri." Yule nesi, msichana wa watu, mpira ukamdondoka, akalia. Nikajikuta namkumbatia, mimi niliyekuja kugombana naye. Angewezaje kujua? Hata wewe uliyeifungua na kuitazama kwa macho yako ulikosea.

Dripu wameipitisha kifuani, kwa mrija mwingine. Kifungo alitapika siku mbili, sasa anakula. Na leo asubuhi nimemkuta dirishani, kwenye meza ya baba yake, ametia uzi kwenye sindano ndogo kuliko zote na anadarizi kola. Vidole kumi, mwanangu. Nilisimama mlangoni nikavihesabu.

Sasa kuhusu yule mzee wangu. Siku ya karatasi zile nilidhani aliniacha bila kuaga. Kumbe mkono aliokataza usiguswe na mtu ndio aliowapa ninyi muuguse, na kwa kuguswa huko mkono wa binti yake umeokoka. Hakujua, najua hakujua, asinifanye mjinga tena. Lakini nimekaa mbele ya cherehani nikamwambia asante kwa sauti, na hasira niliyokuwa nayo imekwisha. Nimewapigia mashemeji zangu. Mkubwa alinikatia simu. Mdogo alikuja, akaisoma barua yako, akakaa mbele ya mkasi wa kaka yake mpaka chai ikapoa. Atakuja siku ya maziko.

Msimamizi (ambaye hakufika) ameniambia mkimaliza masomo mnawashona na kuwarudisha tukawazike. Basi nina ombi. Ndani ya bahasha kuna uzi wa hariri mweusi, wa matundu ya vifungo, tuliokuwa tunauweka kwa suti za maharusi. Ushone mkono wa kulia kwa huo. Wewe uliyekata ndiye ushone, asikushikie mtu.

Na ujue nani unamshonea.

Mama yako,
Mke wa Fundi


Chumba cha Anatomia, Meza ya Nne
30 Julai

Mama,

Sikufukuzwa. Mhadhiri alinipokonya alama zote za mkono, nitaurudia mtihani muhula ujao. Kisha akaliita darasa zima kwenye Meza ya Nne, akanitaka nieleze kwa mdomo wangu nilichokikata na nilichokichora. Nilieleza. Wanafunzi themanini walipita mmoja mmoja kuitazama ateri ya mume wako. Tangu siku hiyo, kwenye wodi za mazoezi, nimewaona wenzangu wakiweka kidole mbele ya kiwiko cha mgonjwa kabla ya kufunga mpira, na kusubiri, wamefumba macho. Hawajui wamemuiga fundi wa suti. Nitawaambia, ukiniruhusu.

Nimemshona leo. Nilianza na ateri, nikaunganisha ncha nilizozikata. Haina kazi tena, lakini sikutaka kumrudisha nyumbani nikiwa nimeiacha hivyo. Kisha nikaulaza utando wa shukrani mahali pake, halafu ngozi. Uzi wako unateleza, ulinisumbua mwanzoni. Mshono wa saba ulipinda, kidogo sana. Mwenzangu akasema hauonekani, twende, gari linangoja nje. Nikamwambia na lingoje.

Nikaufumua, Mama, nikaurudia. Nilipomaliza niliukunja mkono taratibu kuona kama unakunjika vizuri, kisha nikaunyoosha.

Asante kwa yote. Asante kwa kuniita mwanao.

Mwanafunzi wa Meza ya Nne

*Imepitiwa. Hakuna jina la kufuta. Mama, mshono nimeupima kwa rula mimi mwenyewe. Umenyooka. — Msimamizi wa Chumba*